Bei Ikigota Sakafuni

Programu inauliza: kuanzia lini?
Naandika mwezi wa tano, elfu mbili na nane,
mwaka ambao baba aliacha kula mezani nasi.

Mtaji: dola laki nane za Taiwan,
akiba ya miaka ishirini na sita ya kupanda mashimo ya lifti,
grisi kwenye kucha, katika maghorofa ya Kaohsiung
ambamo hakuna aliyelijua jina lake.

Kanuni ninayo. Imo kwenye daftari lake la risiti,
wino wa bluu, mwandiko umelala kama mtu aliyechoka:
"Nunua bei ikivuka wastani wa siku ishirini.
Uza ikirudi chini yake. Usibishane nayo."

Nabonyeza.
Huku kwetu nyekundu ndiyo kupanda, kijani ndiyo kuanguka,
na skrini yote ni nyekundu tupu.
Faida, asilimia mia na arobaini.
Kumbe tungekuwa matajiri!

Ila hesabu isiyo na ada ni hadithi ya kulazia watoto.
Naweka kamisheni ya dalali, kwenda na kurudi.
Naweka kodi, tatu kwa elfu kila unapouza.
Naweka mteleza wa bei, maana baba hakuwa na mkono wa radi:
alipiga simu akiwa amesimama juu ya lifti,
na hadi dalali aseme "haloo, Bwana Teng-ke,"
bei ilishahama.
Nyekundu inasinyaa.

Kisha kisanduku kidogo, chini kabisa, hakina tiki:
"Jumuisha kampuni zilizofutwa sokoni."
Walioiunda programu hii waliona haya kualika wafu karamuni.
Natia tiki. Wanarudi mmoja mmoja na namba zao,
na katikati yao ile ya vioo vya skrini,
ambayo mama hadi leo haitaji kwa jina,
husema tu "kile kitu".

Bado jaribio linanipa mlango wa kutokea.
Septemba, tarehe kumi na moja, linauza, salama salimini,
hasara ndogo, kidonda cha kuosha kwa maji ya chumvi.
Naisikia sauti ya mama ya miaka yote hii:
"Alizubaa. Kanuni kaandika mwenyewe, kazubaa mwenyewe."

Swali la mwisho, nusura nisilione:
"Bei ikigota sakafuni, oda itimizwe?"
Wamekwisha kunijazia: Ndiyo.
Lakini sakafuni hakuna mnunuzi.
Bei huanguka hadi kikomo cha siku kilichowekwa na sheria,
hukaa pale kimya,
na wauzaji hupanga foleni kama wagonjwa
mlangoni pa daktari aliyekwisha kwenda zake nyumbani.
Naweka: Hapana.

Wanasema yaliyopita si ndwele.
Mimi usiku huu sina mgonjwa mwingine.

Nabonyeza. Oda ya kuuza: haikutimizwa.
Kesho yake: haikutimizwa.
Haikutimizwa. Haikutimizwa.
Siku tisa za soko, kijani juu ya kijani,
na asubuhi ya kumi anatokea mtu, ananunua kwa bei ya karanga.

Nafungua daftari.
Tarehe zilezile. Mistari tisa mifupi,
kila mmoja umeandikwa saa tatu kasoro dakika tano,
kabla soko halijafunguliwa:
"Nimepiga. Nauza."
"Nimepiga. Nauza."
Wa saba hauna hata nukta.

Mama anaingia na mapera yaliyokatwa,
yamenyunyiziwa unga wa plamu.
Anaitazama skrini bila miwani.
"Inasemaje?"
"Inasema alitaka kuuza. Hakukuwa na wa kununua."

Anakaa. Anachukua kipande, anakirudisha sahanini.
Jirani anawasha pikipiki, inakataa, anaiwasha tena.

"Na ada," anauliza, "uliiweka?"
"Niliiweka, mama."
"Na kodi?"